UZI: Chama cha Baath kilivyoingia madarakani Syria na Iraq. Walimu walikianzisha, maofisa wakakichukua

Mwanzisha uzi

Salaam wakuu.

Desemba 8, 2024 rais wa Syria, Bashar al-Assad, alipokimbia Damascus, mijadala mingi ilianzia vita ya 2011 na kuishia kwa Urusi na Iran. Chama kilichotawala kwa jina tangu 1963 kilitajwa kwa kupitia tu. Leo naomba tukae nacho chenyewe.

Nina hoja moja na nitaisimamia: Baath kama chama hakikuwahi kuingia Ikulu. Walioingia ni maofisa wachache wa jeshi waliokuwa na kadi zake, na haikuchukua miaka mitatu wakawa wamewafukuza waliokianzisha. Iraq njia ilikuwa tofauti kidogo, lakini walifika palepale.

Tuanze Damascus, mtaa wa Midan. Watoto wawili wa wafanyabiashara wa nafaka: Michel Aflaq, Mkristo wa Orthodox, aliyezaliwa 1910, na Salah al-Din al-Bitar, Msuni, aliyezaliwa 1912. Wote walisoma Paris, Sorbonne, wakati nchi yao iko chini ya Wafaransa haohao. Wakarudi kufundisha sekondari Damascus. Mwaka 1942 wakaacha chaki, wakaingia kwenye siasa mazima.

Kuna mwalimu wa tatu ambaye huwa anasahaulika, na mimi naona si haki. Zaki al-Arsuzi, Mualawi (dhehebu dogo la watu wa milimani), alikuwa ameongoza upinzani huko Antiokia dhidi ya mpango wa kuutoa mkoa wa Iskenderun kwa Uturuki. Mwaka 1939 Ufaransa ikautoa kweli. Arsuzi na vijana wake wakawa wakimbizi. Akafika Damascus hana kitu, akawa anawafundisha kwenye chumba chake. Yeye na Aflaq hawakupatana hata siku moja, wala hakujiunga na chama kile, lakini wanafunzi wake walijiunga. Mmoja wao, daktari Wahib al-Ghanim, alikwenda kufungua zahanati Latakia, na hapo akawa anaandikisha vijana wa milimani. Katika aliowaandikisha alikuwamo mwanafunzi mmoja wa sekondari kutoka kijiji cha Qardaha, jina lake Hafez al-Assad, baba yake Bashar.

Mkutano wa kuanzisha chama ulimalizika Aprili 7, 1947. Jina lilimaanisha ufufuo, na kaulimbiu ikawa Umoja, Uhuru na Ujamaa. Imani yao ilikuwa kwamba Waarabu wote ni umma mmoja na mipaka iliyochorwa na Waingereza na Wafaransa ni ya kufutwa. Ndiyo maana uongozi wa juu kabisa waliuita Uongozi wa Kitaifa, wakimaanisha taifa zima la Waarabu, na uongozi wa Syria au Iraq ukaitwa wa Kimkoa. Shikeni hilo, litaleta vita baadaye.

Mdau, Mombasa

Mkuu, nina swali. Mkristo anaongozaje chama cha Waarabu katika nchi ambayo wengi ni Waislamu? Walimkubalije?

Mwanzisha uzi

Swali zuri sana, maana jibu lake ndilo linaloeleza nani alijiunga.

Aflaq alisema Uarabu unatokana na lugha, historia na kuishi pamoja. Uislamu aliuheshimu kama urithi wa Waarabu wote, hata Wakristo, na mwaka 1943 alitoa hotuba maarufu ya kumuenzi Mtume. Sasa mtazame kijana wa Kialawi, wa Kidruzi, wa Kiismailia au wa Kikristo wa wakati ule. Nyumbani kwao aliambiwa kwamba nchi ni ya matajiri wa Kisuni wa Damascus na Aleppo. Akija mtu akamwambia wewe ni Mwarabu kamili kama yeyote, bila kuulizwa dhehebu, kwa nini asiende? Ahadi ile ilikuwa ya kweli mioyoni mwao, na naomba tusiwabeze. Wengi waliiamini kabisa.

Ila walimu hawa walikuwa na tatizo moja kubwa: watu wao walikuwa wanafunzi na walimu wenzao. Mkulima hakuwajua. Aliyewaletea wakulima ni Akram al-Hawrani wa Hama, mwanasheria aliyekuwa akipambana na makabaila waliomiliki vijiji vizima, ardhi pamoja na jasho la waliomo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 chama chake kiliungana na cha Aflaq, na ndipo likapatikana jina refu la Chama cha Baath cha Kisoshalisti cha Kiarabu. Hawrani alileta kitu kingine pia, marafiki jeshini. Aliwahi kushirikiana na maofisa walioipindua serikali mwaka 1949, mwaka ambao Syria ilipinduliwa mara tatu: Machi, Agosti na Desemba.

Mdau, Dodoma

Kwa hiyo hawakujaribu uchaguzi kabisa?

Mwanzisha uzi

Walijaribu, na walifanya vizuri. Septemba 1954, baada ya dikteta Adib al-Shishakli kuondoka, ulifanyika uchaguzi huru. Baath ilipata viti 22 kati ya 142. Kwa chama cha walimu na wakulima, kilichokuwa kinashindana na koo zenye pesa na mashamba, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Wangevumilia, huenda wangefika.

Lakini siasa ya Syria ilikuwa imeshahamia kwenye kambi za jeshi. Aprili 22, 1955, uwanja wa mpira Damascus, timu ya jeshi la Syria inacheza na timu kutoka Misri. Kanali Adnan al-Malki, naibu mkuu wa majeshi, kipenzi cha wana-Baath, amekaa jukwaani anaangalia mechi. Sajini wa polisi wa jeshi akampiga risasi, naye akajiua palepale. Sajini yule alikuwa mfuasi wa chama pinzani, SSNP, kilichotaka Syria Kubwa badala ya umoja wa Waarabu wote. Kilichofuata ni msako. SSNP ikafutwa jeshini na mitaani, na Baath ikabaki na uwanja mpana zaidi kuliko kura zilivyoipa. Kwangu mimi hapo ndipo walipoonja utamu wa njia ya mkato.

Aliyebaki mbele yao alikuwa chama cha Kikomunisti, kilichokuwa kinakua kwa kasi. Mwaka 1957 Baath waliogopa kumezwa, wakakimbilia kwa Nasser, rais wa Misri. Januari 1958 kundi la maofisa wa Syria lilipanda ndege kwenda Cairo kuomba muungano wa Syria na Misri bila hata ruhusa ya serikali yao. Bitar, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, akawafuata nyuma. Nasser akatoa masharti: muungano kamili, jeshi litoke kwenye siasa, na vyama vyote vivunjwe.

Aflaq akakubali. Akakivunja chama alichokijenga miaka kumi na moja.

Wazee wetu wa pwani waliokuwa wakisikiliza matangazo ya Kiswahili ya Redio Cairo wanaijua nguvu ya Nasser wa wakati ule, kwa hiyo kidogo namuelewa Aflaq. Alidhani Nasser atakuwa mkono na Baath itakuwa kichwa. Lakini Nasser alikuwa na kichwa chake. Mawaziri wa Baath walijikuta hawana la kuamua, na Desemba 1959 wakajiuzulu.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Sasa tunaingia kwenye kiini cha uzi huu.

Nasser aliwahamishia Misri maofisa wengi wa Syria aliowashuku, ili awaweke karibu. Huko Cairo, kati ya 1959 na 1960, watano kati yao wakaanza kukutana kwa siri: Muhammad Umran, Salah Jadid, Hafez al-Assad, Abd al-Karim al-Jundi na Ahmad al-Mir. Watatu wa kwanza ni Waalawi, wawili wa mwisho ni Waismailia. Wakajiita Kamati ya Kijeshi. Walimkasirikia Aflaq kwa kukivunja chama bila kumuuliza mtu, na wakaapa kukirudisha kwa mikono yao wenyewe. Yeye hawakumwambia kitu.

Kwa nini wote ni wa madhehebu madogo? Wapo wanaosema ilikuwa njama ya Waalawi tangu mwanzo. Mimi sikubaliani nao. Angalieni jeshi lenyewe lilivyokuwa. Familia kubwa za mijini ziliona uaskari ni kazi ya watu duni, na sheria iliruhusu mwenye pesa kulipa ili mwanawe asiende jeshini. Mtoto wa mkulima wa mlimani hakuwa na pesa hiyo. Kwake Chuo cha Kijeshi cha Homs kilikuwa elimu ya bure, chakula cha bure na cheo mwishoni. Assad mwenyewe alitamani kuwa daktari, pesa hazikuwepo, akaenda Homs. Vijana wa namna hiyo ndio waliokuwa wameshalishwa mafundisho ya Baath sekondari. Kwa hiyo kambi zikajaa maofisa wadogo, maskini wa kijijini, wenye kadi ya chama kimoja. Udhehebu kama silaha ulikuja baadaye, walipoanza kuoneana shaka wao kwa wao na kila mmoja akaanza kutafuta wa kwao.

Septemba 28, 1961 maofisa wengine wakauvunja muungano. Hawrani na Bitar wakatia saini tamko la kuunga mkono. Bitar alikuja kujitoa, lakini doa lilibaki. Wanakamati waliporudi Syria hawakuaminika. Assad aliondolewa jeshini akapewa ukarani wizarani.

Februari 8, 1963 Baath ya Iraq ikapindua Baghdad. Wale wa Damascus wakaona zamu yao imefika. Shida ni kwamba hawakuwa na vikosi, kwa hiyo wakaungana na Ziyad al-Hariri, ofisa asiye mwana-Baath aliyekuwa na brigedi kwenye mpaka wa Israel, pamoja na maofisa wa Kinasser. Alfajiri ya Machi 8, 1963 vifaru vya Hariri vikaingia Damascus. Umran akakamata brigedi iliyokuwa Kiswa, kusini ya mji. Salim Hatum akakamata redio. Assad, yule karani wa wizara, alikwenda na kikosi kidogo kwenye uwanja wa ndege za kivita wa Dumayr, akausimamisha kabla ndege hazijaruka. Kufikia mchana serikali haipo. Siku hiyohiyo wakatangaza hali ya hatari, ambayo iliondolewa Aprili 2011. Mtu aliyezaliwa siku ile aliondolewa sheria ile ana miaka 48.

Angalieni sasa. Wanachama wa Baath nchini wakati huo walikuwa mamia tu. Chama kilikuwa bado kinajikusanya tangu kuvunjwa. Bitar akafanywa waziri mkuu na watu wakaona Baath imeshika nchi, huku Kamati ikikaa nyuma ya pazia ikigawana vyeo vya jeshi. Mamia ya maofisa wakafukuzwa, nafasi zao wakapewa ndugu, majirani na wanafunzi wenzao. Hariri alitupwa nje ndani ya miezi michache. Wafuasi wa Nasser walijaribu kupindua Julai 18, mchana kweupe, Damascus ikageuka uwanja wa vita. Walioshindwa walipitishwa kwenye mahakama ya haraka na kupigwa risasi. Kabla ya siku hiyo maofisa wa Syria walipinduana bila kumwagana damu kiasi hicho.

Mdau, Muscat

Ndugu yangu, nasoma kwa makini ila naona unawaonea. Kabla yao mkulima wa Syria alikuwa mtumwa wa kabaila. Baath waligawa ardhi, wakapeleka umeme na shule vijijini, wakajenga bwawa kubwa la Tabqa kwenye mto Furati. Iraq walitaifisha mafuta Juni 1, 1972 na pesa ikajenga hospitali na vyuo. Hayo pia ni ukweli.

Mwanzisha uzi

Ni ukweli ndugu yangu, na nashukuru umeuweka. Aliyekuwa analima nusu kwa nusu kwenye shamba la bwana kule Hama hakudanganyika alipoipenda Baath. Hata mimi nikisoma hali ya vijiji vile naona makabaila walivuna walichopanda.

Lakini hoja yangu ni juu ya nani alishika usukani na alijibu kwa nani. Mkulima alipewa ardhi, hakupewa kura ya kumwondoa aliyempa. Na hata ndani ya chama kura hiyo haikuwepo. Februari 23, 1966 Jadid na wenzake walipeleka vifaru dhidi ya Uongozi wa Kitaifa wa chama chao wenyewe. Aflaq na Bitar, waanzilishi, wakawa wakimbizi. Ule mgogoro wa Kitaifa na Kimkoa niliosema mshike ndipo ulipolipuka: wa Mkoa wa Syria waliwatimua wa Taifa zima. Umma mmoja ukawa maneno ya bendera. Walioshinda wakamrudisha mzee Arsuzi, wakamtukuza kama mwanzilishi wa kweli, kwa sababu walihitaji jina la kuweka mahali pa Aflaq.

Mwaka uliofuata, Juni 1967, milima ya Golan ya Syria ikatekwa na Israel, na waziri wa ulinzi wakati huo alikuwa Assad. Novemba 1970 Assad akamkamata Jadid na kuita tendo hilo Harakati ya Masahihisho. Katiba ya 1973 ikaandika kwamba Baath ndicho chama kinachoongoza dola na jamii. Kwenye karatasi chama kilifika kileleni mwaka huo. Kiuhalisia kilikuwa ofisi ya kuandikisha wanaotafuta ajira.

Mdau, Lubumbashi

Na Saddam? Kwani hawakuwa chama kimoja?

Mwanzisha uzi

Walikuwa kimoja hadi 1966. Baada ya hapo vikawa vyama viwili vyenye jina moja na wakawa maadui wakubwa.

Iraq chama kilipelekwa na wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kiongozi wake wa mwanzo, Fuad al-Rikabi, alikuwa mhandisi kijana, Mshia wa Nasiriyah. Watu husahau kwamba Baath ya Iraq ya mwanzo ilikuwa na Washia wengi. Ufalme ulipopinduliwa Julai 14, 1958, Abdul Karim Qasim, ofisa aliyeongoza mapinduzi hayo, alikataa kujiunga na Nasser na akawaegemea Wakomunisti. Oktoba 7, 1959 vijana wa Baath wakamvizia kwenye barabara ya Rashid, wakamjeruhi tu. Mmoja wao, Saddam Hussein, alipigwa risasi mguuni akatorokea Syria, kisha Cairo.

Mapinduzi ya Februari 8, 1963 yaliangukia Ijumaa, Ramadhani 14. Walianza kwa kumuua asubuhi mkuu wa jeshi la anga, Mkomunisti. Qasim alijifungia Wizara ya Ulinzi, kesho yake akajisalimisha, akauawa, na maiti yake ikaonyeshwa kwenye televisheni ili watu waamini. Kisha wanamgambo wa chama, wenye vitambaa vya kijani mkononi, wakaingia nyumba hadi nyumba kuwasaka Wakomunisti. Walioteswa na kuuawa wiki zile ni wengi mno. Kipindi hiki hakina utetezi wowote.

Miezi tisa tu baadaye wakagombana wao kwa wao. Aflaq akafunga safari kutoka Damascus kwenda kuwapatanisha, na Novemba 18, 1963 rais Abdul Salam Arif, waliyemweka wenyewe, akatumia jeshi kuwafagia wote.

Kipigo hicho ndicho kilichomfundisha Saddam. Waliporudi Julai 17, 1968, walirudi kwa kushirikiana na maofisa wawili wasio wa chama: Abd al-Razzaq al-Nayif wa usalama wa jeshi na Ibrahim al-Daud wa kikosi cha walinzi wa rais. Nayif akapewa uwaziri mkuu. Julai 30 rais mpya, Ahmad Hasan al-Bakr, akamwalika chakula cha mchana Ikulu. Walipomaliza kula Saddam akaingia na bastola mkononi. Nayif akapelekwa moja kwa moja kwenye ndege, kituo Morocco. Daud alikuwa Jordan akikagua vikosi, akaambiwa asirudi. Siku kumi na tatu tu zilitosha. Nayif alikuja kuuawa London 1978.

Tofauti na Syria ni kwamba hapa raia mmoja aliijenga idara ya usalama ya chama hadi ikawa na nguvu kuliko jeshi. Lakini chama chenyewe kilipata nini? Julai 22, 1979, siku chache baada ya kuchukua urais kwa Bakr, Saddam aliwakusanya makada ukumbi wa Khuld. Ipo picha ya video, na nawashauri wenye moyo mwepesi wasiitazame. Amekaa anavuta sigara kubwa, majina yanasomwa moja moja, anayetajwa anasimama na kutolewa nje, waliobaki wanapiga makofi na kulia wakitangaza utii. Watu 22 walihukumiwa kifo, na wenzao wa chama wakapewa bunduki za kuwapiga.

Mdau, Dodoma

Na wale watano wa Cairo, waliishia wapi?

Mwanzisha uzi

Jundi alijiua Machi 1969 wakati watu wa Assad wanambana. Umran aliuawa Tripoli ya Lebanon Machi 1972. Mir alipewa ubalozi Madrid. Jadid alikaa gereza la Mezzeh tangu 1970, hakufikishwa mahakamani, akafa bado mfungwa mwaka 1993. Assad alitawala hadi alipofariki Juni 10, 2000, akamwachia mwanawe.

Kwa waanzilishi: Bitar alipigwa risasi Paris Julai 21, 1980, mji uleule alikosoma. Aflaq alifia Paris 1989 akazikwa Baghdad chini ya ulinzi wa Saddam. Chama chenyewe kilipigwa marufuku Iraq na Wamarekani Mei 2003, na Syria kilivunjwa rasmi na watawala wapya Januari 29, 2025.